Nani Kaacha Pazia Wazi

Ragna alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya chuma, juu kabisa ya mnara, akisugua masizi kwa brashi ya kufulia. Kila alipotia nguvu, weusi ulitanda badala ya kutoka. Maji ya ndoo yalishakuwa kama wino. Chumba cha taa kizima kilinuka manyoya yaliyoungua, harufu ile inayoingia kooni na kupiga kambi humo, na macho yalimwasha hata akawa hajui analia au ni moshi tu.

Nyuma yake Henning, meneja wa hoteli, alikuwa anasindilia mabaki ya ngozi za kondoo na mito ya kukalia ndani ya mifuko myeusi ya taka. Si mtu wa kushika taka, yule. Alivishika vitu kwa ncha za vidole, pua ameikunja, na kila mara alichungulia baharini kupitia dirisha lililopasuka kwa joto.

"Harakisha, Ragna. Boti ya polisi imeshatoka bandarini."

"Si unaniona naharakisha?"

"Hapo kwenye mlango wa roshani bado. Na kwenye kioo, pale chini, kuna manyoya yamegandia. Yatoe."

Kioo chenyewe kilikuwa kizima, ajabu kweli. Kilisimama katikati ya chumba, kirefu kuliko mtu, duara juu ya duara la vioo vinene vilivyopangwa kwa mkono wa mafundi waliokwisha oza zamani. Ndani yake mlikuwa na balbu moja tu, ndogo, ya kushika kiganjani. Usiku kioo kilitwaa mwanga wa balbu ile kikautupa baharini hadi kwenye meli zilizo mbali kabisa. Lakini mchana mambo hugeuka. Kikiachwa wazi, hulitwaa jua la nje na kulikusanya ndani, na likishakusanyika mahali pamoja haliitwi jua tena, ni moto. Kwa hiyo tangu mnara ujengwe palikuwa na mapazia meupe ya kitani kuzunguka madirisha yote. Yanafungwa alfajiri, yanafunguliwa jioni. Pale kisiwani Skarvnes mtoto aliambiwa habari ya pazia kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Na leo pazia lilikuwa wazi. Ragna ndiye aliyelifungua, kwa mikono hii hii inayosugua.

Chini, upande wa mashariki wa kisiwa, vichaka bado vilikuwa vinafuka. Vijana wa zimamoto wa kujitolea walikuwa wanapigapiga kingo za moto kwa makoleo, wamechoka, wanaongea kwa sauti za chini. Sauti moja tu ilipaa juu ya zote, sauti ya Jorunn, jirani yao, akiita kondoo wake. Alikuwa akiwaita kwa ule mlio wa kuwaitia majani makavu wakati wa baridi. Aliita, akanyamaza kusikiliza, akaita tena.

"Mwambieni huyo mama anyamaze," Henning akasema, kisha akaona aibu. "Namaanisha, tutamlipa. Kila kitu kitalipwa."

Ragna alichovya brashi kwenye ndoo.

Asubuhi ile mapazia aliyafunga mapema kama kawaida, akashuka, akamwamsha baba yake, akamkatia mkate na jibini ya kahawia vipande vidogo vidogo. Alikuwa kwenye chumba cha kufulia, anapanga mashuka, Henning alipotokea mlangoni na simu mkononi. Kulikuwa na wageni wakubwa siku hiyo, rafiki za mwenye kampuni, watu waliotaka kutia fedha zao katika hoteli. Walikuwa wameahidiwa kifungua kinywa ndani ya chumba cha taa, wakikalia ngozi za kondoo. Ngozi na mito Ragna alishavipandisha tangu jana.

"Kafungue mapazia, wageni wanapanda."

"Sasa hivi? Jua lishatoka, Henning."

"Najua limetoka. Hilo ndilo wanalotaka kuliona. Watakula gizani kama panya?"

"Hayafunguliwi mchana, unajua."

"Mimi najua, wewe unajua, hata paka wa jikoni anajua. Dakika chache tu, wapige picha zao. Wakishuka nitayafunga mimi mwenyewe."

"Basi yafungue wewe mwenyewe."

Henning hakukasirika. Huyo bwana hakuwa na tabia ya kukasirika. Ndicho kilichomfanya awe mgumu. Aliegemea mlango akatabasamu.

"Baba yako anaendeleaje? Ule mguu umepona? Jana nilikuwa naongea na wakubwa. Wameniuliza tena habari ya ile nyumba yenu. Nikawaambia, jamani, waacheni wale. Ragna ni mtu wetu. Hapa sisi ni familia moja."

Ragna akaweka shuka chini. Akapanda.

Nyumba yenyewe si kitu cha kumtoa mtu udenda. Vyumba viwili na jiko, mbao nyeupe, upepo unapenya. Ilikuwa nyumba ya msaidizi wa mtunza taa. Torleiv, baba yake, aliingia humo akiwa kijana, akaoa humo, akapanda cheo hadi akawa mtunza taa mkuu, na mkewe akafia humo. Halafu serikali ikaona taa inaweza kujiwasha yenyewe. Ikabakiza taa, maana meli bado zinapita, na mengine yote ikayakodisha: nyumba, gati, ghala, hata choo cha nje. Bwana mmoja aliyevaa koti zuri alimshika Torleiv mkono akamwambia atakaa pale mpaka mwisho wa uhai wake. Alimshika mkono tu. Kampuni ya hoteli ilipokuja na karatasi zake, mkono ule haukumo. Ikampa Ragna kazi ya usafi, na nyumba ikaambatana na kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha.

Basi alifungua mapazia. Wageni walipanda wakihema na kucheka, wakala, wakapiga picha, wakafungua mlango wa roshani waone ndege. Kisha wakashuka kwenda kutembezwa kwa boti, na Henning akaongozana nao mpaka gatini, simu sikioni. Ngozi zikabaki pale pale walipozikalia, zimesukumiwa kwenye kioo. Mlango wa roshani ukabaki wazi. Jua likapanda. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu theluji iyeyuke, na vichaka vya kisiwa vilikuwa vimekauka kama ufagio. Upepo ulichukua vipande vya manyoya vinavyowaka ukavipeleka chini, upande ambako kondoo wa Jorunn walikuwa wamezaa.

Ragna alinusa moshi akiwa ameshika pasi.

"Sasa sikiliza," Henning akasema, akifunga mdomo wa mfuko. Alichuchumaa karibu naye, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Watauliza nani alifungua. Tuseme ni wewe. Wewe umesaini mkataba unaosema mapazia ni dhamana yako. Utafukuzwa, hilo mimi siwezi kulizuia, na huenda ukashtakiwa juu yake. Tuseme ni mimi niliyekutuma. Mimi nitasema sikukutuma. Nitakuwa sina budi, Ragna, nina watoto. Na wale wageni hawatakumbuka kitu, wameshaondoka."

"Unataka kusema nini?"

"Baba yako huwa anapanda huku."

Brashi ikasimama.

"Alipanda msimu wa baridi, kila mtu kisiwani anajua. Na ndara miguuni. Wewe mwenyewe ulimkuta amesimama hapa, anataka kuwasha taa iliyokwisha kuwaka."

"Baba yangu hawezi kufungua pazia mchana. Hata akisahau jina langu."

"Nani anasema anaweza? Nasema ni mgonjwa. Mgonjwa hashtakiwi. Nani atamfunga mzee wa umri ule? Hatapelekwa kokote, hataulizwa kitu. Yanaisha hapa hapa. Kazi yako ipo, nyumba yako ipo, yeye mwenyewe kesho hatakumbuka." Akasimama, magoti yakalia. "Fikiria. Lakini fikiria upesi."

Akashuka na mifuko. Ragna alisikia inavyojigonga kwenye ngazi za kuzunguka, chini, chini, mpaka mlangoni. Akabandua manyoya ya mwisho kwenye kioo kwa ukucha. Halafu, kwa kuwa mapazia mawili yalikuwa yameungua na jua bado lilikuwa juu, akaleta mashuka ya hoteli akayatundika mahali pake.

*

Sajini Solfrid alikuwa mtu wa pale pale pwani. Alipanda mnarani, akatazama, akavuta pumzi kwa pua.

"Kunanukia sabuni huku."

"Usalama wa wageni," Henning akasema. "Kulikuwa na utelezi."

Solfrid alitazama mashuka, akatazama kucha za Ragna, ambazo ndani yake zilikuwa nyeusi tititi. Akageuka kushuka ngazi. Mwenye kampuni ndiye aliyejenga ukumbi mpya wa michezo mjini, na mtoto wa Solfrid alicheza humo mpira wa mikono kila juma, kama watoto wa kila mtu.

Wakaenda wote nyumbani kwa Ragna, kwa sababu Henning alisema ni vizuri sajini amwone mzee. Torleiv alikuwa ameketi jikoni, kwenye kiti chake cha dirishani, anamalizia mkate. Kofia yake ya kazi ilining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, ukingo wake mweusi umepauka. Alifurahi kuona watu.

"Karibuni, karibuni. Ragna, kahawa! Wewe binti mtoto wa nani?"

"Wa Gunnvor, mzee. Wa dukani."

"Gunnvor! Mama yako alikuwa ananipunja kahawa yule! Anapima huku kidole gumba kipo juu ya mizani." Akacheka mpaka akakohoa. "Lakini alikuwa mzuri wa sura, kwa hiyo tulimwacha apunje."

Solfrid naye akacheka, na kwa dakika moja hivi jiko likawa jiko tu. Kisha Henning akakohoa kidogo. Akaeleza taratibu, kwa upole, kama daktari: kwamba kufungua mapazia mchana ni marufuku, tangazo liko mlangoni, hakuna mfanyakazi anayethubutu. Kwamba yeye hapendi kabisa kusema hili. Kwamba wote wanakumbuka yaliyotokea msimu wa baridi.

"Nataka nisikie kwa Ragna," Solfrid akasema. "Nani alifungua?"

Ragna alikuwa amempa kila mtu mgongo, anamimina kahawa. Alimimina kikombe kikajaa, akaendelea kushika birika juu yake bila kumimina. Aliwaza kusema kweli. Tusimwonee, aliwaza sana. Neno lilimfika mpaka kwenye meno. Lakini hapo hapo aliuona mlango wa nyumba ukifungwa kwa nje, na baba yake amesimama gatini na sanduku, anamwuliza wanakwenda wapi, na mwanamke wa karibu miaka sitini aliyefukuzwa kwa kuchoma kisiwa nani atampa kazi, nani atampa chumba?

"Baba huwa anapanda," akasema. "Mara nyingine simwoni."

"Leo alipanda?"

"Ndiyo."

Torleiv aliweka mkate chini. Hakumtazama sajini wala Henning.

"Mimi, mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

"Nilifungua pazia? Jua likiwa limetoka?"

"Ndiyo, baba."

Mzee alitazama mikono yake juu ya meza, akaigeuza, akaitazama na upande wa pili. Midomo ilimcheza. Alikuwa anatafuta, ilionekana wazi anatafuta ndani ya kichwa, anafungua mlango mmoja baada ya mwingine na hakuti kitu.

"Sikumbuki," akasema. "Lakini Ragna akisema nilifungua, basi nilifungua. Huyu hajapata kunidanganya." Halafu akauliza, "Kuna mtu ameumia?"

"Hapana mzee," Solfrid akasema. "Ni kondoo tu, wa Jorunn."

"Na wadogo?"

Solfrid alikuwa anafunga zipu ya koti lake.

Ragna alijishika kwenye ukingo wa sinki. Nusu ageuke, nusu aseme. Henning akamwekea mkono begani, mkono mwepesi, wa kufariji, akauacha hapo mpaka sajini alipotoka.

Jioni ile taa iliwaka kama kawaida. Ragna alipanda akayashusha mashuka, mwanga ukatoka, na meli ya makontena iliyokuwa inapita kuelekea kusini ikapita salama bila kujua lolote.

*

Jorunn alikuja siku chache baadaye. Hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, mikono ameitia ndani ya mikono ya sweta, nyusi zake upande mmoja zimeungua.

"Nimewazika wote shimo moja," akasema. "Wengine walikuwa wamewafunika watoto wao kwa miili. Nilidhani nitakuta hata mmoja."

"Pole, Jorunn. Pole sana."

"Niambie wewe, maana mimi na wewe tumecheza pamoja tangu tunatambaa. Ni mzee kweli?"

Ragna alifungua mdomo. Jorunn akainua mkono haraka.

"Ngoja. Usijibu. Henning amenieleza kwamba, ikiwa ni mzee mgonjwa, bima inalipa bila maneno. Ikiwa ni uzembe wa hoteli, ni mawakili na mahakama, na mimi sitaweza kununua kondoo wengine mpaka nife. Kwa hiyo sikuulizi. Nilikuja nikidhani nataka kukuuliza, kumbe sitaki." Alitazama ndani, pale dirishani. "Msalimie mzee. Mwambie sina kinyongo naye."

"Ingia umwambie mwenyewe."

"Siwezi kumtazama usoni," Jorunn akasema, akaondoka.

Lakini watu wengine waliweza kumtazama, na kumsema. Gazeti la wilaya lilipiga picha ya vichaka vilivyoungua na kuandika kwamba mtunza taa mstaafu, aliyechanganyikiwa kwa uzee, ndiye aliyeacha pazia wazi. Wazee wenzake wa minarani, waliokuwa wakimpigia simu kila Jumapili, wakapunguza simu. Mmoja alipiga akamwambia, "Ah, Torleiv, wewe wa kufanya hivyo?" Alikuwa anatania. Torleiv hakula chakula siku hiyo.

Kisha akaja mama mmoja wa halmashauri, mpole, na viatu vya matope ya kisiwani alivyovivua mlangoni kwa heshima. Alisema mzee ni hatari kwa nafsi yake na kwa wengine. Alisema kuna nafasi katika nyumba ya wazee mjini, mahali pazuri, milango inafungwa, na kwamba kwa kawaida watu husubiri nafasi hiyo miaka, wao wana bahati.

"Lakini Henning alisema hatapelekwa kokote," Ragna akasema.

"Henning ni nani?"

Ragna akamwendea Henning. Alimkuta gatini anapokea masanduku ya mvinyo.

"Mimi si halmashauri, Ragna. Unadhani mimi naiamuru halmashauri? Hata mimi imeniuma."

"Uliniahidi."

"Kazi yako si ipo? Nilikuahidi kazi yako ipo."

Wiki ile mzee alipoondoka, alivaa kofia yake, akaivua, akaitundika tena kwenye msumari. Alisema haistahili tena kichwa chake. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema kiatu kinambana, na Ragna akaenda nyuma ya ghala akalia mpaka akatapika.

Kabla majira ya joto hayajaisha, Henning alimwita tena, na kahawa akamtengenezea yeye mwenyewe. Nyumba nzima kwa mtu mmoja, alisema, wakubwa wanauliza. Kuna chumba kizuri nyuma ya chumba cha kufulia, kina joto, mabomba ya maji moto yanapita ukutani. Ragna alifunga virago siku hiyo hiyo. Vilikuwa vichache. Mafundi walikuja wakaziba mianya ambayo upepo ulikuwa ukipenya tangu utoto wake, wakaweka bafu la marumaru, na nyumba ikapewa jina: Kwa Mtunza Taa. Kofia waliikuta msumarini. Hawakuitupa. Waliona inapendeza, wakaipiga brashi, na wageni wakawa wanaivaa kwa zamu wakipigana picha, na asubuhi Ragna anaikuta juu ya kitanda anachotandika.

*

Boti ya kwenda mjini ilikuwa Jumanne, siku yake ya mapumziko, na alirudi nayo mapema kwa sababu lazima awepo kufungua mapazia jioni. Alibeba mkate wa nyumbani na jibini. Katika korido ya nyumba ya wazee, muuguzi mmoja mnene mwenye haraka akamsimamisha.

"Wewe ndiye binti yake Torleiv? Afadhali umekuja. Tumechoka, jamani."

"Amefanya nini?"

"Mapazia. Alfajiri, kabla hata sisi hatujanywa chai, ameshaamka, anazunguka chumba kwa chumba anafunga mapazia. Ya kila mtu! Wenzake wanataka jua, anagombana nao. Mama mmoja alimkwaruza. Jumamosi akamnyang'anya pazia mikononi yule kijana wetu wa zamu, akamwambia, 'We mpumbavu, utaunguza watu!'" Muuguzi alicheka kidogo, akaacha alipoona Ragna hacheki. "Imetubidi tuyaondoe ya chumbani kwake. Labda atasahau."

Ragna akafungua mlango.

Dirisha lilikuwa tupu, fimbo ya pazia tu, na jua la alasiri limejaa chumba kizima mpaka kitandani. Baba yake alikuwa amesimama mbele ya kioo cha dirisha na fulana ya ndani, mgongo kwa mlango. Alikuwa amevua shuka la kitanda, amelishika pembe mbili kwa mikono iliyonyooshwa juu, amelibana kwenye dirisha. Upande mmoja shuka lilikuwa linashuka kidogo kidogo, na kila liliposhuka alijinyoosha kwa vidole vya miguu kulipandisha.

"Baba. Kaa chini, baba."

"Siwezi. Wameondoa pazia." Hakugeuka. "Ni wewe, Ragna? Shika huo upande, unateremka."

Alishika. Walisimama bega kwa bega, uso kwenye kitambaa cheupe kinachong'aa. Aliyasikia mapafu ya baba yake yanavyokoroma. Akaona hawezi tena.

"Baba, ni mimi niliyefungua. Siku ile ya moto. Hukupanda, baba. Ulikuwa umekaa dirishani unakula mkate. Henning alinituma nikafungua, nikaogopa nyumba, nikasema ni wewe. Nilidanganya. Unanisikia? Hukuacha pazia wazi. Hujapata kuacha pazia wazi maisha yako yote."

Mzee akageuza kichwa, akamtazama, na uso wake ukalegea kwa huruma.

"Wewe hivyo hivyo tangu utotoni," akasema. "Jorunn avunje kikombe, wewe unasema ni wewe. Mama yako alikuwa anakuchapa bure."

"Baba, nasema kweli!"

"Uliniambia mbele ya polisi, mwanangu. Polisi kabisa. Ungedanganya mbele ya polisi?" Alitikisa kichwa. "Mimi ndiye. Nimekubali. Wale kondoo na watoto wao, ni mimi. Usinibebee. Ila usiwaambie hawa wa hapa, wataninyima hata hili shuka."

Ragna alitaka kuapa, akatafuta kitu cha kuapia, akakosa. Nje, upande wa bandari, boti ilipiga honi ya kwanza.

"Hiyo ni boti yako," Torleiv akasema. "Nenda. Leo nani anafungua pazia kule?"

"Mimi."

"Basi usichelewe, meli zitapita gizani." Akapokea pembe ya shuka kutoka mkononi mwake, akanyoosha mikono yote miwili juu tena, akajibana kwenye kioo. "Na ukitoka funga mlango. Jua lisiingie na huko."

Akafunga mlango. Muuguzi alikuwa anakuja na kikapu cha nguo za kufua, anahesabu mashuka, analalamika kwamba lipo moja halionekani. Ragna alimpisha njia, akashuka ngazi, akakimbilia boti.